Nilivyokwenda Pangani Kuomba Mwiko

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananipa mkono kwa nguvu na kuniuliza bibi harusi ni wa ukoo gani. Jamani, sijaoa. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa mmoja mmoja, na wengine mnaaga kabla sijafika hata Lugoba, kwa hiyo nimeliandika lote. Someni, mpeane, kisha mniache.

Bagamoyo, kabla ya kuinuka

Mnanijua, mimi si mtu wa safari. Nimezaliwa Bagamoyo, nimesoma Bagamoyo mpaka kidato cha nne, na hapo Mapinga tu, ambako watu wa Dar wananunua viwanja kila wiki, nimefika mara mbili, zote kwa msiba. Niliwahi kuoa. Mke wangu alihamia Morogoro, nami sikumfuata kwa sababu ni mbali.

Miaka kumi na sita nimekuwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi. Nilikuwa naandika risiti kwa mkono, kwa hati ambayo wateja waliisifu. Kisha bosi akaleta mashine inayoandika yenyewe, kazi yangu ikabaki kuichana ile karatasi na kumpa mteja. Nilipolalamika, bosi alisema, "Mbaraka, hata kuchana kunataka mtu mwaminifu."

Hapo nikaanza kuwaza kubadili kazi. Niliwaza kwa miaka mitatu. Nilisikiliza kwenye simu wale vijana wanaotia watu hamasa, mmoja anapiga kelele kwamba inuka, dunia inakungoja. Nilimsikiliza nikiwa nimelala chali, na alipomaliza nilikuwa nimepata usingizi mzuri sana.

Nilichokitaka nilikijua. Nilitaka kupika halua. Niliionja halua ya Bi Zuhura wa Pangani kwenye harusi moja hapa mjini, laini, inang'aa, iliki imekaa mahali pake, na tangu siku hiyo nikawa najaribu nyumbani. Matokeo mnayakumbuka. Kuna sufuria mbili ambazo halua iliingia na mpaka leo haijatoka. Mteja mmoja dukani nilimpa aonje. Alitafuna kwa muda, akauliza kama inashika na vigae vya bafuni.

Aliyeniinua ni Shangazi Mwanaidi, si wale vijana wa simu.

"Una miaka arobaini na tatu," aliniambia. "Ama uende kwa huyo mama ukafundishwe, ama uache kuniunguzia sufuria. Zote mbili ni zangu."

Nikasema nitampigia simu.

"Ufundi hauombwi kwa simu. Unakwenda, na unakwenda na mtu mzima wa kukusemea."

Hilo lilinifaa, maana kusemewa ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Tangu utoto sijawahi kuomba kitu kwa kinywa changu. Hata likizo dukani huwa naombewa na mlinzi. Mtu mzima aliyepatikana ni Maalim Kassimu, aliyesomesha Kurani nusu ya mji huu na ambaye siku hizi kazi yake ni ushenga. Mtu akitaka kuposa, Maalim ndiye anayetangulizwa, na hajawahi kurudi na jibu baya. Nilimweleza wazi kwamba safari hii hakuna mke. Nilikuwa nimeandika barua rasmi ya maombi, kwa hati yangu ile ile, nikamkabidhi.

Akaipulizia marashi. Akaikunja mara tatu, akaifunga ndani ya leso nyeupe ya hariri na kuitia fundo, vile vile inavyofungwa barua ya posa.

"Maalim, hii ni barua ya kazi."

"Kuomba ni kuomba," akanijibu. "Mke, shamba, ufundi, adabu ni ile ile. Kavae kanzu."

Bagamoyo mpaka Msata, na Lugoba ambako hatukuwa na shida nako

Njia yenyewe ni nyepesi. Unatoka Bagamoyo mpaka Msata kwenye barabara kuu, unapanda gari la kwenda kaskazini, unakata kulia kuelekea Miono, kisha unatelemka pwani mpaka Pangani. Mtu mwenye akili anaimaliza kwa siku moja. Sisi tulitumia nne.

Pale Msata Maalim alikutana na mtu aliyekuwa mwanafunzi wake. Salamu za Maalim ni ndefu. Anauliza hali yako, ya watoto, ya mifugo, kisha anarudi kwako kuhakikisha kama haijabadilika. Magari mawili ya kaskazini yakaondoka. Mpiga debe alipotuona tumebaki alituhurumia, akatusukuma ndani ya la tatu bila kutuuliza tuendako, na lile la tatu lilikuwa la kusini.

Mimi niligundua mapema, wallahi. Nilikiona kibao, na nilijua kwamba Lugoba iko upande tusiokwenda. Sikusema, kwa sababu gari zima lilikuwa kimya na watu wangegeuka kunitazama.

Lugoba tulishuka na kukaa saa tatu kungoja gari la kuturudisha. Mama mmoja anayechoma mihogo kando ya barabara aliitazama kanzu yangu, akaitazama leso mkononi mwa Maalim, akanusa marashi.

"Hongera, baba! Mnaposa wapi?"

"Pangani," akajibu Maalim.

"Maashallah. Na umri huo! Mungu hamtupi mja wake."

Nikafungua kinywa nimweleze. Kisha nikajisikia nitakavyosema: mama, mimi ni karani mwenye mvi kidevuni, nataka kuacha mshahara nikafundishwe kukoroga. Nikafunga kinywa. Mposaji ana heshima yake hata akiwa mzee, ila mwanafunzi wa miaka arobaini na tatu watu humtazama kwa huruma. Mama akanipa muhogo bure, na pilipili juu yake. Nikaula kama bwana harusi.

Miono

Miono tulifika jua linazama. Mwenyeji wetu alikuwa Rajabu, mwanafunzi mwingine wa Maalim, mkulima wa mananasi, mtu mkarimu mno. Tulikuwa tulale usiku mmoja. Mvua ikanyesha, barabara ya kutelemka pwani ikawa uji, tukalala siku tatu.

Mkewe, Mama Halima, alitupikia ugali na kisamvu cha nazi ambacho nikikikumbuka nasahau shida zote. Lakini leso ile Maalim alikuwa ameitundika ukutani ili isikunjamane, na kila jirani aliyeingia kusalimia aliiona. Siku ya pili Mama Halima akaniletea doti ya kanga mpya.

"Mpelekee mwenzio," akasema. "Mwambie ni salamu za wanawake wa Miono."

Rajabu naye akaongeza jogoo kwa ajili ya wakwe. Akanivuta kando.

"Kaka, huyo Bi Zuhura ana jina na ana kazi yake. Ulimwona wapi?"

"Sijawahi kumwona," nikasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Rajabu alinishika bega, macho yakamlengalenga. "Hayo ndiyo mapenzi ya zamani."

Nikamwendea Maalim anakotawadha. "Maalim, waeleze ukweli. Sasa tuna jogoo."

"Ukweli umo ndani ya leso," akasema, "na mimi si mwenye kuifungua."

Nilichokuwa sikijui ni kwamba dada yake Rajabu ameolewa Pangani, na alikuwa ameshapigiwa simu awaandae ndugu wa Bi Zuhura.

Miono mpaka Bweni

Tulitelemka na kirikuu iliyobeba mananasi, Maalim mbele na dereva, mimi nyuma na jogoo. Huyu jogoo alikuwa amefungwa miguu na hakunipenda. Tulipoingia upande wa mbuga, twiga wawili walisimama katikati ya barabara wakatutazama kama wenye nyumba wanaotazama mpangaji aliyechelewa. Dereva akazima gari. Tulikaa pale muda ambao mimi nilikula nanasi zima, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nikafikiri kwa utulivu.

Nilifikiri hivi: nikifika, Maalim atasema, barua itafunguliwa, watasoma, watajua. Mimi sitahitaji kusema lolote. Mpango huo niliuona mzuri sana. Twiga wakaondoka.

Bweni ni ukingo wa kusini wa mto, na Pangani mjini ni ng'ambo. Tulipokuwa kwenye pantoni niliona watu wanne wenye kanzu na kofia wamesimama upande wa pili, mmoja ana mwavuli. Nikamwambia Maalim kuna msiba kule. Maalim akajikung'uta vumbi, akaiweka leso vizuri kiganjani.

"Si msiba," akasema. "Wanatungoja sisi."

Pangani, sebuleni

Mwenye mwavuli alikuwa Mzee Salehe, kaka mkubwa wa Bi Zuhura, aliyemsimamia tangu afiwe na mumewe. Nyumbani kwake palikuwa pametandikwa mikeka mipya na kukodiwa viti. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia, tunawasikia wakinong'ona. Jogoo wetu alipokewa kwa shangwe na kupelekwa uani.

Maalim akasema. Lazima niwe mkweli, alisema vizuri. Alianza na dua, akapita kwenye udugu wa Bagamoyo na Pangani, akafika kwenye kuzaliwa katika nyumba njema. Anayo hotuba moja tu na ameitoa mara nyingi mno. Halua haikutajwa. Mwisho akaiweka leso juu ya sinia, na Mzee Salehe akaipokea kwa mikono miwili.

Sasa hapa ndipo mpango wangu wa twiga ulipoharibika. Nilisahau kitu anachokijua kila mtoto wa pwani: barua ya posa haifunguliwi mbele ya walioileta. Mzee Salehe aliisogeza sinia pembeni, fundo likiwa vile vile.

"Tumeipokea. Jibu mtaletewa kwenu, inshallah. Ila kuna mambo madogo ya kuuliza."

Mambo madogo yalitoka nyuma ya pazia.

"Muulizeni kama anavuta."

"Sivuti," nikasema.

"Amewahi kuoa?"

"Mara moja."

"Mkewe yuko wapi?"

"Morogoro."

"Anafanya nini Morogoro?"

"Sijui, sijafika."

Wakanong'ona kwa muda mrefu. Kisha Mzee Salehe akanyanyua mkono, wakanyamaza.

"Niseme la moyoni," akasema. "Dada yangu amekoroga halua tangu ana miaka kumi na minne. Moshi, joto, mabega hayanyanyuki. Mara ngapi nimemwambia aache, hataki. Basi sharti langu kwa mume ni dogo: siku atakayomwoa, moto ule uzimwe. Lile sufuria la shaba limeshapata mnunuzi, anatoka Tanga kesho kutwa. Tulikuwa tunangoja sababu tu, na Mungu ametuletea."

"Sharti jema," akaitikia Maalim. Mshenga hukubali kwanza, hufikiri akifika nyumbani.

Nikamtazama anisemee. Alikuwa ameshika kikombe cha kahawa, amefumba macho kwa raha. Nikatazama sinia. Fundo limekaza. Nikaona jambo lote mbele yangu kama linavyokuja: nikinyamaza kidogo tu, kwa adabu yangu ya kawaida, sufuria litapakiwa kwenda Tanga, na mimi nitakuwa nimeuzima kwa mikono yangu moto niliousafiria siku nne.

"Mzee," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kijana aliyebaleghe juzi. "Sufuria msiuze. Mimi sikuja kuoa. Nimekuja kukoroga."

Hakuna aliyesema kitu. Uani jogoo naye alikuwa amenyamaza, kwa sababu zake.

"Amesemaje?" mwanamke mmoja akauliza nyuma ya pazia.

"Amesema hamtaki, anataka sufuria."

Ndipo nikasikia mtu akicheka. Alicheka mpaka akakohoa, na pazia likafunguka. Akatoka mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, miwani imening'inia shingoni kwa kamba.

"Leteni hiyo leso."

"Zuhura, haifunguliwi mbele ya—"

"Kaka, kama si posa, basi si barua yako, ni yangu." Akalifungua fundo kwa meno, akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "'Yah: Maombi ya Nafasi ya Mwanafunzi wa Halua. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Mtanzania mwenye umri wa miaka arobaini na tatu na akili timamu.'" Hapo akasimama kidogo, akanitazama juu ya miwani. "'Nina uzoefu wa miaka kumi na sita katika risiti.' Mbona barua inanukia hivi?"

"Ni Maalim," nikasema.

Maalim alikuwa ameweka kikombe chini. "Tangu nianze ushenga, sijaaibishwa na mposaji wangu."

"Si mposaji, Maalim."

"Nyamaza!"

Mzee Salehe alikuwa ameumia, na haki yake. Alitazama vile viti vya kukodi, akanitazama mimi, akasema tu, "Tumekuchinjia jogoo."

"Ni wake mwenyewe," akasema Bi Zuhura. Kisha akanigeukia, na sasa hakuwa anacheka. "Kazi unayo. Kwa nini halua?"

Hapakuwa na wa kumtazama. Nikasema, "Nikikoroga huwa sitazami saa."

"Hata ikiungua?"

"Huwa inaungua kila mara."

Akavua miwani. "Kijana aliyekuwa akinikorogea amekwenda kuendesha bodaboda. Mume sina haja naye. Mikono nina haja nayo. Kesho baada ya alfajiri, jikoni."

Pangani, jikoni

Halua ni sukari, uwanga, samli, iliki, kungumanga na zafarani. Vyote hivyo nilivijua. Kitu cha saba ni kutosimama, na hicho hakiuzwi dukani. Bi Zuhura alinipa mwiko unaonizidi urefu, akakaa juu ya kigoda, moja ya zile kanga za Miono ameifunga kiunoni. Alisema si vizuri kuwarudishia wanawake wa watu salamu zao.

"Unakoroga kama unatafuta pete iliyoanguka," akasema. "Fika chini. Zunguka. Mikono ndiyo kazi, macho yaache."

Baada ya saa moja nilisahau kwamba nina mabega, baadaye nikakumbuka kwamba ninayo mawili. Majirani walipita dirishani kumtazama bwana harusi anayekoroga. Mmoja aliuliza mahari ni kiasi gani. Nikasimama nifute jasho, mara moja tu, na harufu ikabadilika.

"Imeshika," akasema Bi Zuhura. Hakupandisha sauti. "Ikwangue. Jioni utaanza upya."

Nilianza upya. Sikusimama. Ilipokuwa nzito na samli imepanda juu inang'aa, alichota kwa kidole, akaionja, akafikiri.

"Ya kuuza si hii," akasema. "Ya kugawia majirani, labda. Wale wa mbali."

Nadhani ndilo neno zuri kuliko yote niliyowahi kuambiwa kazini.

Kisha akaniwekea sharti lake. "Nimepata wanafunzi wanne. Wote walikuwa na pa kurudi, na wote walirudi. Wewe nenda ukafunge kazi yako na chumba chako, halafu ndiyo uje."

"Na nikishindwa?"

"Utakuwa umeshindwa Pangani. Hapa nako wapo walioshindwa, na wanaishi."

Mzee Salehe, ambaye alikuwa mlangoni anakula halua ya majirani wa mbali kwa kijiko, alisema mnunuzi wa Tanga atamwomba asubiri mwezi mmoja. "Usipofika, linakwenda. Neno langu hilo."

Kurudi

Tulirudi kwa njia ile ile, ila Lugoba tuliiacha ilipo. Maalim hakunisemesha mpaka Miono. Hapo Rajabu alipouliza habari, akajibu haraka, "Jibu linangojwa," ili asivunje rekodi yake. Mnaona sasa uvumi wenu ulikotoka. Mtafuteni yeye.

Kwa bosi nilikwenda mwenyewe. Aliuliza nimeoa lini. Nikamwambia sijaoa, naacha kazi, nakwenda kujifunza halua. Akanitazama, akatazama nyuma yangu, akitafuta aliyeniongoza. Hakumwona mtu. Akasema tusifanye haraka, angeninunulia kiti chenye mto. Hilo lilinigusa, sitaficha. Miaka kumi na sita nimekiwaza kiti hicho. Nikamshukuru, nikamwambia mwisho wa wiki naondoka.

Mwenye nyumba nilimpa taarifa siku hiyo hiyo kabla sijapoa. Kilichobaki ni mimi kuogopa, na hilo nimelifanya kwa bidii kila siku. Jana asubuhi niliamua kabisa kughairi. Nilivaa, nikafungua mlango niende kwa mwenye nyumba nikamwambie chumba bado ni changu.

Mlangoni nilimkuta mpangaji mpya wa chumba hicho, dada mmoja mwalimu, ameshika futi kamba. Alikuwa anataka kupima dirisha ashone mapazia.

"Shikamoo, kaka. Utanishikia ncha ya huku?"

Nikamwitikia marahaba. Nikamshikia.